Kitalu cha njia ya Mambrui: miche ya asili kwa wapenda vipepeo

Ukitoka Malindi mjini kuelekea Mambrui, kabla hujafika daraja la Sabaki, kuna kitalu kidogo chenye uzio wa makuti. Hakina kibao, na anayepita kwa gari atadhani ni bogenvilia na mwarobaini tu kama kwingine. Simameni.

Vitalu vingi nilivyonunua miche, swali la kwanza huwa la rangi: wataka maua mekundu au meupe? Mzee wa hapa aliniuliza, "Mama, majani yakiliwa utalalamika?" Nikamwambia nataka vipepeo. "Basi ua peke yake halitoshi. Kipepeo hunywa kwenye ua akaenda zake. Akiona jani la mwanawe ndipo hutaga."

Anayajua anayosema. Aliwahi kufuga vipepeo kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na kuuza pupa (kiwavi aliyejifunga kabla hajatoka kipepeo) kwa mradi wa Kipepeo pale Gede, ule ulioanza mwaka 1993, ambao huzipeleka ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho. Mfugaji lazima aujue mti wa kila kiwavi, kwa kuwa kiwavi hali jani lolote tu. Wengine wako radhi wafe njaa kuliko kugusa mti usio wao.

Nilichukua mjafari, mswaki na mtopetope mwitu. Mswaki nimeupanda upande wa bahari, maana chumvi haiutishi, na majani yake huliwa na viwavi wa baadhi ya wale vipepeo wadogo weupe wa jamii ya Colotis. Mtopetope mwitu huliwa na viwavi wa vipepeo wa jamii ya Graphium. Bado ni mdogo, sina la kuusifia.

Mjafari ndio ulioniteka. Una miiba, upande mbali na mlango, lakini ukifikicha jani lake unasikia harufu ya ndimu, na kweli ni ndugu wa mndimu. Haukuchelewa kupata mgeni: kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, yule tunayemwona kwenye milimau. Alikuwa akitua kwenye jani changa, anakunja tumbo, anaacha yai moja, anahamia jani jingine. Kiwavi anapotoka ni mweusi mwenye baka jeupe, ukimtazama utaapa ni kinyesi cha ndege, na hiyo ndiyo salama yake. Akikua anageuka kijani. Nilimgusa kwa ujiti mgongoni, akachomoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali ikanipanda puani. Mwisho alijifunga kiunoni kwa uzi mwembamba kwenye kijiti, akawa pupa. Wajukuu walisahau televisheni.

Jambo jingine ninalolipenda: hapa hawapigi dawa ya wadudu. Utakuta majani yenye matundu, na wateja wengine huyakataa kwa sababu hiyohiyo. Mimi nachagua hayo kwanza. Mche uliopigwa dawa ukiuweka bustanini, viwavi watakaoula watakufa, na hapo umetega mtego badala ya kukaribisha.

Kasoro zipo. Miche haina majina. Mzee akiwa hayupo, kijana anayebaki hajui kuitofautisha. Miche iliyokaa sana, mizizi imetoboa viriba na kuzama ardhini, wanaing'oa kwa kuvuta. Mswaki wangu mmoja ulikauka kwa ajili hiyo. Chagueni midogo, na inueni kiriba wenyewe mkague chini kabla ya kulipa. Na ile lantana wanayoipanga mbele naomba waiondoe kabisa. Vipepeo huinywa, ni kweli, lakini ni mgeni kutoka Amerika ya Kati na Kusini, inasonga vichaka vyetu, na mifugo ikiila inadhurika. Nilimwambia Mzee hivyo, akasema ndiyo inayouzika. Sikuridhika na jibu hilo.

Bei ni nafuu: mjafari shilingi 150, mswaki 100. Nendeni kabla ya masika, asubuhi Mzee akiwepo, na mbebe kreti, kwa kuwa miiba ya mjafari hutoboa mfuko wowote. Mkiukosa, mwachieni oda. Mbegu zake hazioti upesi.