Excalibur II Iliyotumika: Ununue au Uiache?

Haya wakuu, karibuni. Hii niliyoshika ni Minelab Excalibur II, ditekta ya kutafuta vitu vya metali ufukweni na majini, imeshatumika na inaonekana wazi imetumika. Haina skrini wala menyu. Ina swichi, vitufe vya kuzungusha, na hedfoni zilizoungwa moja kwa moja kwenye mwili wake. Kijana aliyezoea simu ataiona kama redio ya babu. Mimi kwa mchanga uliolowa na maji ya kifuani bado naichukua kabla ya ditekta nyingi mpya za bei ya kati. Ila si yoyote utakayoletewa.

Tuanze na chumvi, maana ndiyo inayowaliza wengi. Maji ya bahari yanapitisha umeme, kwa hiyo koili, ile sahani ya chini inayopekua, ikipita juu ya mchanga mbichi, ditekta inayasikia maji yenyewe kana kwamba ni kitu cha metali. Tena mlio huo wa chumvi unaangukia jirani kabisa na mlio wa dhahabu nyembamba: cheni, hereni, pete ndogo ya kike. Chukua Garrett AT Pro, ambayo nayo utaikuta sana ikiuzwa mtumba. Inatuma mawimbi ya masafa mamoja tu, kilohezi 15, na unaweza kuizamisha hadi futi 10. Kwenye mchanga mkavu inafanya kazi safi. Shuka pale wimbi linapofika, inaanza kelele. Unapunguza nguvu, unapunguza tena, mwisho umenyamazisha chumvi pamoja na pete uliyoifuata. Excalibur inafanya kazi kwa masafa 17, kuanzia kilohezi 1.5 hadi 25.5, na kwa kulinganisha majibu inaitenga chumvi. Teknolojia hiyo ni ya miaka ya 1990, lakini chumvi ya bahari haijabadilika tangu hapo.

Kwetu Tanzania kuna mtego mwingine. Ditekta rahisi kuipata mtaani ni ya machimbo ya dhahabu. Gold Monster 1000, kwa mfano, inatumia kilohezi 45, imetengenezwa kwa punje ndogo za dhahabu nchi kavu. Koili yake inaingia majini. Boksi lake haliingii. Muuzaji akikwambia "hii haiogopi maji, kaka", muulize ni sehemu gani isiyoogopa. Kama unakwenda machimboni Chunya, nunua. Kama unakwenda ufukweni Kigamboni, iache.

Zipo pia za palsi, yaani zinazotuma umeme kwa mipigo mifupi mifupi: Garrett Sea Hunter Mark II, White's Surf PI, Tesoro Sand Shark. Chumvi haizisumbui sana, na zinakwenda chini vizuri. Shida ni kuchagua: msumari unalia kama pete, na ufukwe kama Coco Beach baada ya sikukuu utachimba visoda hadi kiuno kikatae. Halafu Tesoro walifunga mwaka 2018, White's wakafunga 2020. Ikikufia, fundi ataanza kwa kubuni.

Sasa sogeeni karibu na kamera. Huu mtungi mdogo ni wa betri. Naufungua hapa kwenye kiunganishi. Mnaona pini hizi? Zinatakiwa zing'ae. Ukiona kijani au unga mweupe, maji ya chumvi yamekwisha kuingia, na usikubali habari ya "futa tu na kitambaa". Tazama na oringi, huu mpira wa duara unaozuia maji: pitisha ukucha taratibu kuizunguka. Hii ni laini, ina grisi ya silikoni kidogo. Oringi iliyokauka utaiona ina nyufa kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta, na hata chembe moja ya mchanga juu yake inatosha kupitisha maji.

Kitu cha pili ni waya. Koili ya Excalibur haichomolewi. Waya umeingia moja kwa moja kwenye boksi. Ukikatika ndani, lazima boksi lifunguliwe na sili irudishwe upya. Kwa hiyo washa, vaa hedfoni, ukunje waya huu pale unapoingia kwenye koili, huku ukisikiliza. Mvumo wa chini unaousikia muda wote usikatike wala kuruka. Ukiruka, rudisha mashine kwa mwenyewe.

Kisha iende majini, na yawe maji ya bahari. Ndoo ya maji ya bomba haikwambii chochote kuhusu chumvi. Izamishe yote, angalia kama mapovu yanaendelea kutoka sehemu moja. Fukia pete yako mwenyewe kwenye mchanga mbichi, pitisha koili polepole sana; mashine hii haipendi haraka. Kwenye chuma mvumo unakatika kimya. Dhahabu inalia kwa sauti ya chini hadi ya kati, na hapo ndipo ilipo pia pini ya kopo la soda, karatasi ya fegi, na chubwi za wavuvi. Ukiiweka mashine isilie kwa pini za makopo, umeziba na pete. Chimba zote, hakuna njia ya mkato.

Muda wa kutafuta ni bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndipo unafika sehemu ambazo kwenye maji mafu huzioni. Ila Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Kaole usiende na ditekta. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vya kabla ya 1863, na kuchimba bila kibali ni kosa. Sarafu ya shaba ya masultani wa Kilwa si yako hata ukiikanyaga.

Kwenye bei, hesabu betri kama imekufa hata ikiwa inawaka, toa gharama ya betri mpya, halafu toa na usafirishaji, kwa sababu utaagiza nje. Uzito nao ujue: ina zaidi ya kilo mbili, na mkono utaisema. Majini inabebeka. Na chekeche la kuchimbia lidai humo humo, liwe la chuma na mpini mrefu. La plastiki halifiki hata saa sita mchana.