Kasoko ya Chaimu, Tsavo Magharibi: kilima kifupi, njia telezi
Kutoka Nairobi, ingia Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi, Kenya, kwa lango la Mtito Andei, linalofunguliwa saa 12 asubuhi. Malipo ni kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni; taslimu haipokelewi. Chaimu, kilima cha volkano chenye shimo (kasoko), iko kusini-mashariki mwa hoteli ya Kilaguni.

Kilima chenyewe si kirefu, ila ni majivu na vipande vyeusi vya lava, vyepesi na visivyoshikana, hivyo kila hatua hurudi nyuma kidogo. Ndara hapana kabisa! Vaa viatu vinavyofunika vifundo, panda kwa mshazari kwa hatua fupi, na ukishuka tangulizeni kisigino. Fikeni mapema: kufikia saa 5 mawe hayo meusi yamepata moto kama kikaango. Kileleni hakuna mnara wala kivuli, lakini mandhari ni ya kupendeza mno. Kabla ya kushuka garini, chunguzeni vichaka, wanyama wamo.