Toyota Aqua Iliyotumika, Katika Joto na Chumvi ya Unguja

Kwa mtu anayelala Fuoni, Tomondo au Bububu na riziki yake ikawa Mjini, Toyota Aqua iliyotumika, gari la haibridi linalotumia petroli na umeme kwa pamoja, ni miongoni mwa magari madogo yanayofaa zaidi kati ya yote yanayoteremshwa kutoka Japani, ila kwa sharti ambalo wauzaji hawapendi kulitaja: mnunuzi awe tayari kuikinga betri yake kubwa na joto, kwa uangalifu uleule ambao wengi wetu tumezoea kuuelekeza kwenye injini. Injini ya gari hili haina matata. Gari hili hufa kwa kukosa hewa, na hewa yenyewe hupita mahali ambapo mwenye gari asiyeambiwa hatapaona.

Ninalolipima hapa ni toleo la kwanza, ambalo namba yake ya bodi huanza na NHP10, lililoanza kuuzwa Japani mwezi wa Disemba 2011 na ambalo huko Marekani liliuzwa kwa jina la Prius c. Ndani yake mna injini ya petroli ya lita 1.5, mota mbili za umeme zilizofungwa pahala pa gia boksi, na betri ya nikeli ya volti 144 iliyolazwa chini ya kiti cha nyuma. Hakuna stata, hakuna alteneta, wala hakuna mkanda hata mmoja mbele ya injini, kwa sababu kazi hizo, pamoja na pampu ya maji na kompresa ya AC, zimekabidhiwa umeme. Swali ninaloulizwa barazani kuliko jengine lolote ni wapi ninalichaji. Silichaji popote: betri hujazwa na injini, na hujazwa pia kila ninapopunguza mwendo, pale mota inapogeuka kuwa jenereta na kuuvuna mwendo ambao breki za kawaida zingeugeuza kuwa joto tupu. Umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, ukikatika, gari halina habari.

Kuhusu mafuta, ahadi ya kiwandani ya kilomita 35.4 kwa lita, iliyopatikana kwa kipimo cha Kijapani cha JC08, isimdanganye mtu. Kwangu mimi, AC ikiwa imewashwa muda wote na watu wawili au watatu wakiwa ndani, lita moja hunipeleka kilomita 20 hadi 23, wakati Toyota IST niliyokuwa nayo kabla, yenye injini ya ukubwa huohuo, haikuvuka 13. Tofauti hiyo huonekana waziwazi kila mwezi ZURA, mamlaka inayosimamia nishati Zanzibar, inapotangaza bei ya mafuta. Linalowashangaza wengi ni kwamba foleni, ambayo kwa gari la kawaida ndiyo inayokunywa mafuta, kwa Aqua ndiyo inayoyaokoa: Darajani wakati wa kutoka kazini, au Mwanakwerekwe sokoni, injini huzima, gari likajivuta kwa umeme hatua kwa hatua, na AC ikaendelea kupuliza kama kawaida kwa vile haitegemei injini. Ukilipeleka Nungwi au Makunduchi kwa mwendo wa kilomita 80 bila kusimama, injini hubeba takriban kazi yote na faida hupungua sana. Kwa sababu hiyo simshauri kulinunua mtu ambaye kazi yake ni kupakia wageni kutoka uwanja wa ndege hadi hoteli za pwani kutwa nzima. Atalipia ufundi wa foleni ambao hautumii.

Uendeshaji wake ni mwepesi na wa utulivu, na utulivu huo una tahadhari yake. Taa ya kijani yenye neno READY ikishawaka, gari liko tayari kuondoka hata kama hakuna sauti yoyote, na anayezoea kusikiliza muungurumo hudhani halijawaka. Mkunazini na Malindi, ambako watu hutembea barabarani kwa amani zao, hawalisikii likija nyuma yao, na honi ndogo ya adabu ndiyo dawa. Bibi wa Kijapani ndani ya dashibodi atakukumbusha kila unapowasha gari kwamba hukuchomeka kadi ya kulipia barabara za kwao; mafundi huchomoa kile kidude na habari yake ikaishia hapo. Redio ya asili inashika masafa ya Japani, yanayoanzia megahezi 76 na kuishia 90, kwa hiyo vituo vyetu vingi havifiki mpaka ufungiwe kigeuzi au redio nyengine.

Sasa nije kwenye betri, ambayo ndiyo roho ya tathmini hii. Betri hiyo ina moduli 20 zilizoungwa mfululizo, kila moja ya volti 7.2, na hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, hewa ileile anayoivuta abiria. Tundu la kuingizia hewa hiyo liko ubavuni mwa kiti cha nyuma, chini, karibu na mlango, na kwa sura linafanana na pambo tu la plastiki. Hapo ndipo balaa linapoanzia Unguja. Tunanunua gari, kitu cha kwanza tunapeleka viti vikashonewa makava, na fundi cherehani anayejali kazi yake hulivuta kava mpaka chini likalifunika tundu lote. Au kiti cha nyuma hugeuzwa pahala pa kuwekea mikoba ya skuli, magunia ya nazi na mifuko ya sokoni. Feni huhangaika, betri huchemka, na moduli za katikati, ambazo ndizo zinazopata joto zaidi, hutangulia kuchoka.

Kwa kuwa hewa ya kupoza ni ya ndani ya gari, AC katika Aqua si anasa ya abiria peke yake. Wako wanaoizima kubana mafuta na kufungua vioo wakati wa kaskazi, joto likiwa limepanda zaidi ya nyuzi 30, na hapo wanaipulizia betri hewa ya moto iliyochanganyika na vumbi na chumvi. Kiasi kidogo cha petroli wanachookoa hakifikii hata sehemu ndogo ya bei ya betri. Mimi huegesha chini ya mwembe pakiwepo nafasi, na likikaa juani hufungua milango kwanza, nikawasha AC na kuacha chumba kipoe kabla ya kuondoka. Feni yenyewe nayo inataka kufunguliwa na kusafishwa, angalau mara moja kwa mwaka, kwa sababu vumbi laini la barabara za ndani hujigandisha kwenye mapanga yake kama ukoko wa sufuria. Kazi hiyo ni ya saa moja kwa fundi anayejua, na anayejua atachomoa kwanza kiunganishi cha usalama cha betri na kusubiri dakika kumi kabla ya kugusa chochote kilicho na waya wa rangi ya chungwa. Ukimwona anaushika waya wa chungwa bila kufanya hivyo, chukua gari lako uondoke.

Chumvi ina kazi yake ya pili, isiyoonekana. Vipande vya shaba vinavyounganisha moduli huota ukungu wa kijani, umeme ukapita kwa shida, na kompyuta ya gari ikadhani moduli imekufa kumbe kiungo ndicho kilichooza. Kabla ya kukubali hukumu ya P0A80, namba ya hitilafu inayotolewa na kompyuta ya gari, ambayo kwa maneno ya kiwanda ina maana kwamba betri ibadilishwe, ni haki ya mwenye gari kutaka kifuniko kifunguliwe na viungo visuguliwe. Ikiwa kweli moduli zimechoka, mafundi wetu hupenda kubadilisha ile mbovu moja na kuweka nyengine ya mtumba. Sikatai kwamba gari huondoka gereji likiwa zima, lakini moduli zilizobaki zina umri uleule na zimekula joto lilelile, na ile iliyoingizwa hailingani nazo nguvu. Baada ya muda mfupi inayofuata hudondoka. Mwenye uwezo akusanye fedha anunue betri nzima, na hata kama ni ya mtumba, ipimwe moduli kwa moduli kabla ya kulipwa.

Betri ndogo ya volti 12 nayo isidharauliwe, ingawa haizungushi injini. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta, na ikilegea taa ya READY haiwaki hata kama ile kubwa imejaa. Nayo imewekwa nyuma, ndani ya gari, kwa hiyo ni ya aina iliyofungwa, yenye mrija wa kutolea gesi nje. Madukani hushawishika mtu kuchukua betri ya kawaida kwa nusu ya bei, ambayo gesi yake itatoka kwenye chumba wanachokaa watoto wake. Jirani akikuomba umwashie gari lake kwa waya, mtafutie mwenye gari la kawaida. Aqua inaweza kupokea msaada huo, lakini haikutengenezwa kuutoa.

Jambo ninaloliona la hatari zaidi katika gereji zetu ni AC. Kompresa ya gari hili inaendeshwa kwa umeme wa betri kubwa, na oili iliyomo ndani yake ni ya aina maalumu, ND-11, isiyopitisha umeme. Oili ya kompresa za kawaida hupitisha, na kiasi kidogo tu kinatosha kuharibu kinga ya waya za ndani, mpaka mfumo mzima ukagoma kuwaka kwa kujilinda. Nilipokwenda kuongeza gesi kwenye gereji moja ya Mjini, fundi alishakwisha kuunganisha mipira ya mashine anayoitumia kwa magari yote, na nilipomuuliza oili ndani yake ni ipi, alinijibu kwa upole, «Oili yote oili tu, mzee wangu.» Nilimshukuru, nikafunga boneti. Fundi niliyempata baadaye alikuwa na mipira yake ya pembeni kwa ajili ya haibridi, na alinionyesha kopo la ND-11 kabla hajaanza; huyo ndiye ninayempelekea watu.

Yaliyobaki ni mepesi. Oili ya injini ni 0W-20, na asikubali mtu kuwekewa ile nzito ya 20W-50 kwa hoja kwamba nchi ni ya joto, kwani injini hii huwaka na kuzima mara nyingi katika safari moja na huhitaji oili inayofika juu upesi. Kulanti, yaani maji ya kupozea, iwe ya Toyota ya rangi ya waridi, na ijulikane kwamba kuna matangi mawili, la injini na la inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota. Gari likiwa READY, funua kifuniko cha la inveta utazame kama maji yanatikisika, na yakiwa yametulia tuli, pampu yake ya umeme imekufa. Pedi za breki hudumu sana kwa kuwa mota ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari, lakini kwa hewa yetu ya bahari pini za kalipa hukwama kwa kutu kabla pedi hazijaisha, hivyo zifunguliwe na kupakwa grisi hata kama hakuna malalamiko.

Kama chombo cha familia, Aqua ina udhaifu wake. Kiti cha nyuma hakimfurahishi mtu mrefu, buti haibebi mizigo ya harusi, na tumbo la gari liko milimita 140 tu kutoka ardhini. Wakati wa masika, barabara zinapojaa maji, wenye Noah hupita na mimi huzunguka njia nyengine bila kuona haya, kwa sababu betri ya volti 144 iliyo chini ya kiti haina mzaha na maji. Barabara za ndani zenye mawe ya matumbawe nazo humaliza shokapu na bushi za mbele mapema kuliko ilivyo haki.

Anayetaka kununua asihangaike na rangi wala namba za odometa. Alitake gari asubuhi likiwa limepoa, aliendeshe foleni ya kutosha AC ikiwa imewashwa, na atazame vijiti vya betri kwenye kioo cha dashibodi: vikipanda mpaka juu na kushuka mpaka chini ndani ya dakika chache, au feni ya nyuma ikinguruma bila kunyamaza, betri imechoka na bei ishushwe kwa thamani ya betri nzima. Programu ya simu ya Dr. Prius, pamoja na kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, huonyesha tofauti ya volti baina ya makundi ya moduli, na muuzaji anayekataa kifaa hicho kichomekwe ameshajibu. Kwa wenzetu wa Pemba ningeongeza jambo moja. Vilima vya Wete na Chake Chake vinalifaa gari hili, kwani katika kila mteremko ukipunguza mwendo unairudishia betri sehemu ya ilichotumia kupanda, lakini jamaa yangu wa huko, betri ilipoleta namba ya hitilafu, ilimbidi alipakie gari melini pale Mkoani kulileta Unguja kwa fundi, na nauli ya chombo pamoja na kukaa kwake hapa vilimgharimu karibu sawa na matengenezo yenyewe. Mwenye kununua akiwa Pemba amtafute fundi wa haibridi aliye karibu naye kwanza, ndipo alitafute gari.