Mkate wa Birere wenye jibini ya Masisi
Katika kibanda kimoja cha Birere, mjini Goma, kisicho na hata kibao mlangoni, nimekula mkate wa kujazwa ulio bora kuliko ile ya mikahawa yenye viti vya ngozi. Mama muuzaji hupasua mkate mrefu wa asubuhi, akapaka parachichi iliyopondwa kwa chumvi, kisha akapanga vipande vinene vya jibini ya Masisi, eneo la milimani karibu na Goma, jibini ile ya duara ambayo wengi hapa huiita fromaji, na ambayo ladha yake ya maziwa haifunikwi hata na pilipili kali. Mayai ya kukaanga huongezwa ukiomba. Hata hivyo, baada ya saa nane mchana mkate huwa umekauka, na gazeti la kufungia huacha wino kwenye ganda. Mimi hubeba karatasi yangu.