Kemia ya mwaka wa kwanza, Tabora: mkufunzi wa asubuhi au wa jioni?

Wa asubuhi ana madesa yaliyopangika. Ukiyakariri, nadharia unapita. Basi.

Wa jioni hana haraka. Maabara anakusimamisha mbele ya bureti (mrija wa kioo wenye vipimo na koki), unadondosha besi tone kwa tone hadi asidi yenye kiashiria igeuke pinki hafifu. Ikikolea umepitiliza, mwaga, anza upya. Ukidhani umemaliza, anauliza: "Moli ngapi hapo?" Darasa zima linatoa macho. Alama zake za kubana, na sapu, yaani mtihani wa marudio, kwake si habari ngeni (waulize waliotangulia). Ila ile 6.022 × 10²³, idadi ya chembe katika moli moja, utaielewa, hutaiimba tu.

Unalenga famasia au maabara ya hospitali? Nenda jioni. Unataka kupita tu, madesa yapo stesheneri.