Miezi mitatu na kitabu kisicho na jalada

Kitabu hiki cha mazoezi ya Kiingereza nilikinunua kwa kijana anayetandaza vitabu vya mitumba kando ya Barabara ya Pamba. Alianzia elfu kumi na tano, tukaishia elfu nane kwa sababu jalada la mbele lilishang'oka na ukurasa wenye jina haupo. Kwa hiyo msiniulize kinaitwaje. Ninachojua ni kwamba juu ya kila ukurasa imeandikwa B2, mazoezi yamejaa treni, theluji na mikopo ya nyumba, na bei zote ni za pauni. Ni cha Uingereza, hilo halina ubishi.

Mimi ni karani wa usafirishaji kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza. Minofu ya sangara inakwenda Ulaya, na ninayeandikiana na wanunuzi ni mimi. Kiingereza nimekisoma tangu kidato cha kwanza, nakiandika kila siku, na nilijiona niko vizuri hadi ile siku ya "Yes".

Mnunuzi aliniuliza kwenye ujumbe: "Hasn't the cargo left?" Mzigo ulikuwa haujaondoka, nikamjibu "Yes". Kesho yake bosi akaniita. "Dada, mteja ametuma gari uwanja wa ndege kupokea mzigo ambao uko kwenye friji yetu." Nikajitetea kwamba nilisema kweli tupu. Na kwa Kiswahili nilisema kweli: ukiulizwa "Mzigo haujaondoka?" unajibu "Ndiyo", yaani usemavyo ndivyo. Mwingereza hajali umeulizwaje, anaangalia mzigo uko wapi. Kama haujaondoka jibu ni "No", hata swali lenyewe liwe limekanusha. Kitabu hiki kina nusu ukurasa tu kuhusu jambo hilo, somo la 6, na nusu ukurasa huo peke yake umenirudishia elfu nane yangu.

Kwa asiyejua, B2 ni ngazi ya nne kati ya sita, kuanzia A1 hadi C2, katika mfumo ambao Baraza la Ulaya liliuchapisha mwaka 2001. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba kitabu cha namna hii hakikufundishi, kinakukagua. Maelezo ni mistari mitatu, halafu mazoezi arobaini. Kama bado unababaika na "he" na "she", mwachie mwingine.

Sehemu ya nyakati ndiyo iliyonitoa jasho. Sisi tunasema "nimefika jana" bila kusita, ndiyo maana kwa miaka minane nilikuwa naandika "I have sent the documents yesterday" na hakuna aliyenisahihisha. Kumbe ukishataja jana, juzi au saa nne asubuhi, lile "have" halina nafasi tena: "I sent". Kuna na ule ugonjwa wa "If I would have known". Huo nao tumeutoa nyumbani, kwa sababu Kiswahili kinaweka -nge- pande zote mbili, ningejua ningekuja. Kiingereza "would" kinaiweka upande mmoja tu, ule wa matokeo: "If I had known, I would have come." Nimeyafanya mazoezi hayo mara tatu, na mara ya tatu bado nilikosa manne.

Kwenye msamiati kitabu kinasisitiza maneno yanayotembea pamoja: "make a mistake" lakini "do business", "heavy rain" lakini "strong wind". Mwanzoni niliona ni usumbufu wa makusudi. Halafu nikakumbuka kupiga. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, na hakuna anayepigwa. Mgeni akituuliza kwa nini, tutamwambia ndivyo inavyosemwa. Basi na wao ndivyo inavyosemwa. Tangu hapo nimeacha kuandika neno mojamoja kwenye daftari, naandika jozi.

Sasa kasoro. Kitabu kilikuwa na mmiliki kabla yangu, na huyo bwana (mwandiko ni wa kiume, nakataa kubishana) alijaza majibu kwa kalamu ya wino. Mengi si sahihi. Kwenye vitenzi vya maneno mawili aliandika kwamba "put off" ni kuvua nguo. Nilicheka peke yangu, kisha nikamwelewa: kama "put on" ni kuvaa, kwa nini "put off" isiwe kuvua? Ila "put off" ni kuahirisha, na kuvua ni "take off". Alifika somo la 9 akaishia hapo. Kuanzia la 10 kurasa ni nyeupe, nami naziheshimu kwa penseli.

Kosa la mmiliki nalisamehe. Nisilolisamehe ni la waandishi: majibu yako nyuma, lakini ni herufi tupu, a, c, b, d. Ukikosa huambiwi kwa nini. Kuna maswali mawili nimezunguka nayo ofisini wiki nzima, kila mtu ana jibu lake. Mfuko wa sidii nao upo, sidii haipo, hivyo mazoezi ya kusikiliza nimeyaruka yote.

Kwa kukariri naongeza mbinu ya vikadi, ile ya mwandishi Sebastian Leitner ya miaka ya 1970: ukipatia kadi inasogea kundi la mbele na unaiona kwa nadra, ukikosa inarudi mwanzo. Nimekata maboksi ya sabuni, makundi nayatenga kwa mipira ya nywele. Jumamosi nikienda nyumbani Sengerema natoka navyo. Siku hizi wenye haraka wanapita daraja la Kigongo–Busisi. Mimi bado napanda kivuko cha Kamanga, maana pale nakaa, hakuna anayeniita, ila upepo wa ziwa ni adui wa vikadi. "Look forward to" yangu iko majini hadi leo.

Ningenunua tena? Ndiyo, lakini chenye jalada, sidii na kurasa safi, na nisingetoa zaidi ya elfu ishirini kwa majibu yasiyo na maelezo.

Jana mwenzangu wa meza ya pili alikiona, akanyoosha mkono: "My dear, please borrow me that book." Kwetu kuazima ni kuazima tu, atoaye na apokeaye. Nimempa kikadi cha "lend" kwanza. Kitabu atasubiri nimalize somo la 14.