La Thuile, Italia: pa kujifunzia kuteleza kwenye theluji bila msongamano

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Wengi mmeniuliza: mtu anayeanza kuteleza na ski, zile mbao ndefu za miguuni, aende wapi Italia asikute foleni za lifti zinazopandisha watu mlimani? Mimi nawapeleka La Thuile, mkoa wa Valle d'Aosta, mpakani na Ufaransa. Zamani kilikuwa kijiji cha wachimba makaa ya mawe, na hadi leo kimetulia kweli.

Sasa hili lisikilizeni vizuri. Gari la nyaya linakupandisha hadi Les Suches, mita 2,200. Huko juu ndiko kwenye miteremko mipole na mipana. Unaanguka, unajizoazoa, unainuka, hakuna anayekupigia kelele. Ila kushuka hadi kijijini ni habari nyingine. Mteremko namba 3, Franco Berthod, ndio walioshindania wanawake wa Kombe la Dunia la ski mwaka 2016. Nilisogea ukingoni, ncha za ski zikabaki hewani, na chini yake sikuona theluji, niliona mapaa ya nyumba. Magoti yakaanza kutetemeka. Nikavua ski, nikarudi kwa gari la nyaya. Nanyi fanyeni hivyo, hakuna aibu.

Ipo tiketi inayokufikisha pia La Rosière, upande wa Ufaransa. Panapendeza mno! Lakini upepo wa mpakani ukivuma, lifti za kuunganisha hufungwa. Barabara inayovuka mlima nayo hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo ukikwama ng'ambo, teksi itazunguka hadi handaki la Mont Blanc, na nauli yake inauma. Ulizeni asubuhi lifti ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi.

Buti za kukodi msizichukue kwa haraka. Funga vifungo vyote, kunja magoti: vidole virudi nyuma kidogo, kisigino kisinyanyuke. Na soksi ni jozi moja tu. Mimi nilivaa mbili nikidhani nitapata joto. Zikabana damu, kufika saa tano vidole vimekufa ganzi.

Kofia ngumu sasa ni lazima kwa watu wa rika zote, na tangu 2022 lazima uwe na bima ya kumfidia utakayemgonga. Hiyo si ile ya matibabu mliyokatia visa ya Schengen, msizichanganye.

Kwa tarehe, nendeni Januari baada ya sikukuu ya Epifania, tarehe 6. Waitaliano wengi wanakuwa wamerudi kazini, na vyumba vinashuka bei.